Nani Kasema Lazima Upige Windows Upya?

 

Wiki iliyopita rumeti wangu kapeleka laptopu Kariakoo, haiwaki. Fundi kaipima, kasema mazabodi imekufa, na kweli ilikuwa imekufa, hapo simlaumu. Bumu likamegwa, ikafungwa mazabodi ya mtumba, jioni mashine ikawaka safi. Safi mno! Maandalio ya masomo ya mazoezi ya kufundisha hayapo, majibu ya madodoso aliyokwisha kuyaingiza hayapo, sura tatu za utafiti hazipo. Fundi naye anashangaa: "Kwani dada hukujua? Ukibadili mazabodi lazima upige Windows upya."

Lazima! Nani kasema?

Jamani, mafaili hayakai kwenye mazabodi. Yanakaa kwenye diski, na diski ya rumeti haikuwa na ugonjwa wowote. Ni sawa na kupeleka gari libadilishwe injini, halafu fundi akatupa mizigo iliyokuwa kwenye buti.

Najua hoja yao inatoka wapi. Enzi za Windows XP, iliyotoka 2001, ukihamishia diski kwenye mazabodi ya aina nyingine mara nyingi ulikutana na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski, draiva iliyoizoea ni ya bodi ya zamani. Lakini hata XP ilikuwa na njia ya kujikarabati kwa CD yake bila kugusa mafaili. Windows 10 (2015) na 11 (2021) ndiyo kabisa: mara nyingi zinavitambua vifaa vipya zenyewe, zinajizima na kuwaka mara mbili tatu, kazi inaendelea. Zikigoma, fundi aingie BIOS aangalie kama diski imewekwa AHCI au RAID kama ilivyokuwa mwanzo, na kama mashine inaanza kwa UEFI au kwa mtindo wa zamani. Dakika tano hizo. (Watu wa Ubuntu mnaweza kucheka, draiva zenu nyingi zimo humo humo ndani.)

"Na leseni je?" Kweli, leseni iliyokuja na laptopu huwa imefungamana na mazabodi. Lakini Windows isiyo na leseni inawaka tu, inakuandikia maneno ya kukudai pembeni ya skrini, na mafaili yako unayasoma. Hiyo si sababu ya kufomati.

Cha kuogopa kweli ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 diski zake zimefungwa kwa ufunguo unaotunzwa na TPM ya mashine ileile. Bodi ikibadilishwa, mashine inadai tarakimu 48. Mara nyingi zipo kwenye akaunti yako ya Microsoft. Zinakili kwenye daftari leo, sio siku mashine imezima.

Sasa kwa nini wanafomati? Kwa sababu flashi yenye Windows ya kuchakachua wanatembea nayo shingoni, kazi inaisha haraka, na hela ya kupiga Windows inaongezwa kwenye bili. Foleni ya wateja ni ndefu, sawa. Lakini "mafaili yako unayataka?" ni swali la sekunde ngapi?

Na hili halitaishia chuoni. Kesho kutwa wengi wetu tutakuwa walimu, shule ina kompyuta moja yenye alama za kidato kizima. Ikizima itapelekwa kwa fundi huyuhuyu.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: kama diski ya laptopu yako inafunguka, toa skrubu zake, ichomoe, ibaki na wewe hosteli. Fundi apewe mashine tupu. Atakwambia hawezi kuipima bila diski. Mwambie aiwashe kwa ile flashi yake ya shingoni.