TUCHEZE KWANZA, NDIPO TUFUNDISHE



Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu wa primeri. Siku moja alinisomea ukurasa mzima bila kukosa hata neno. Nikafunika picha kwa mkono: akanyamaza. Kumbe alikuwa anaimba tu, hasomi! Na pointi zake ni nzuri. Nilisikia haya, maana mimi mkubwa wake sikujua.

Enterogasioni inasema mtoto amepata 4 juu ya 10. Haisemi amekwama wapi. Mchezo unasema. Nilikata kartoni ya sabuni vipande 20, nikaandika ba, da, ma, ka, lu na silabi zingine. Tukakaa chini ya mwembe, yeye na rafiki zake wanne. Anayeokota kipande anakisoma. Akiunganisha viwili akapata neno, vinakuwa vyake. Muda kidogo tu nikaona: mmoja anachanganya b na d. Mwingine anajua silabi zote, lakini kuziunganisha, hapana. Wa tatu anasoma neno vizuri, halafu ananiuliza maana yake, sababu kwao nyumbani wanasema Kibangubangu. Je, hawa watatu wanahitaji somo moja?

Jambo hili si geni. Huko Tanzania, tangu mwaka 2010, watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakipima watoto kwa ngazi: silabi, neno, aya, hadithi. Walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili.

Wengine watasema mchezo ni kupoteza wakati, tena tangu primeri ya serikali iwe bila malipo mwaka 2019, kalasi zimejaa. Ni kweli, mwalimu peke yake hawezi. Lakini sisi wa sekondari tuko! Siku ya posho kila mmoja wetu achukue watoto watano, acheze nao, aandike ndani ya daftari nani amekwama wapi. Daftari liende kwa mwalimu. Kufundisha ni kazi yake. Sisi tunamwonyesha tu pa kuanzia. Na pointi zisitolewe, sababu mtoto akiogopa ataimba tena.

Mdogo wangu tumerudi naye kwenye silabi. Anaenda polepole, lakini sasa anasoma mwenyewe.

Nani ana kartoni? Alete.