Kusafisha Picha: Kitenzi Kimoja Hakitoshi

Kwa miaka mingi watu wa Afrika Mashariki wamesema "kusafisha picha", na wengine "kuosha picha", wakimaanisha kuitia filamu katika dawa mpaka picha iliyomo ionekane. Ni usemi mzuri, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi wapenzi wa lugha, tulioridhika na kitenzi hicho tukadhani kazi yote imekwisha kutajwa. Haijatajwa. Na katika kazi hii, jina likikosekana, picha yaweza kupotea.

Nitoe mfano wa filamu nyeusi na nyeupe ya vipande, ambayo huisafisha nyumbani. Hii si ile ya mkanda ulioviringwa, yenye picha 36. Hapa kila picha ina kipande chake, aghalabu cha inchi 4 kwa 5. Ni mrithi wa vioo vya wapiga picha wa karne ya 19, kama A. C. Gomes wa Unguja, ambapo kioo kimoja kilibeba picha moja. Mshairi ataelewa upesi: mkanda ni utenzi, beti zake husafiri pamoja, kipande ni ubeti unaojitosheleza. Mkanda husafishwa wote kwa dakika zilezile, bali kipande chaweza kupewa muda wake. Kilichopigwa kwenye jua kali hutolewa mapema ili sehemu za mwanga zisipitilize. Kilichopigwa chini ya mawingu huachwa zaidi.

Kazi yenyewe hufanyika katika giza totoro, maana filamu nyingi za siku hizi huathiriwa na mwanga wa kila rangi, hata mwekundu. Chumba cha kuogea chatosha, mradi nyufa za mlango zizibwe kwa blanketi. Vidole ndivyo macho: ukingoni mwa kipande mna mapengo madogo, na ukikishika wima mapengo yakawa juu kulia, upande wenye utando wa fedha unakuelekea. Mbele yako pana sinia tatu, kila moja na kimiminika chake, na kila kimiminika huitwa "dawa".

Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya kwanza hugeuza chumvi za fedha zilizopigwa na mwanga ziwe fedha nyeusi. Ya pili husitisha kazi ya ya kwanza. Ya tatu huyeyusha chumvi zote ambazo hazikugeuzwa. Mwanafunzi akianza na ya tatu, chumvi zote huyeyuka kabla picha haijatokea, na kipande hutoka kitupu kama kioo cha dirisha. Hakuna dawa ya nne ya kuirudisha. Basi neno "dawa" pekee, gizani, ni neno la hatari.

Wapo watakaosema tukope Kiingereza, au tuseme "kuendeleza" filamu kwa kufuata maana ya neno lao. Sikubali. Kuendeleza ni kupeleka mbele, na picha hii haiendi popote. Imo tayari, imefichika. Lugha yetu ina kitenzi kinachofaa zaidi: kuibua. Kinachoibuliwa hutoka chini ya maji kikaja juu, na ndivyo picha inavyofanya ndani ya sinia. Hatua ya kwanza iwe kuibua.

Ya pili iwe kuzima. Dawa ya kuibua ina asili ya magadi, na kinachoikomesha ni asidi hafifu, ndugu wa siki. Tunazima moto, tunazima chokaa. Tuzime na hii.

Ya tatu iwe kukaza, kwa kuwa baada yake picha haibadiliki tena ikitolewa kwenye mwanga. Hata hivyo, hapa ndipo busara ya mtaani inapojionyesha. Kabla ya hatua hii filamu ina ukungu mweupe kama maziwa. Ndani ya dawa ukungu huo hutoka, kipande kikang'aa. Aliyekuwa wa kwanza kusema "kusafisha" huenda aliyaona haya kwa macho yake. Kisha hufuata kusuuza kwa maji mengi na kuanika mahali pasipo vumbi, vitenzi ambavyo kila nyumba inavyo.

Sipendekezi kabisa tulifukuze neno "kusafisha". Libaki jina la kazi nzima, kama "kupika" lilivyo jina la kazi nzima ilhali ndani yake mna kuinjika, kukaanga, kuunga na kupalia. Hakuna anayedhani kwamba kupalia ni anasa ya wanaisimu. Asiyelijua hula wali mbichi juu.

Wala kutaja si kazi ya mtu aliye mbali na sinia. John Herschel, aliyegundua mnamo 1819 kwamba hiposulfaiti huyeyusha chumvi za fedha, ndiye aliyeingiza katika upigaji picha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha hasi na chanya. Aliyeijua dawa ndiye aliyetoa majina.

Kwa hiyo nina ombi kwa washairi. Katika miji yetu wangali hai wazee waliofanya kazi ya chumba cha giza miaka mingi kabla ya kamera za kidijitali. Hao walifundisha vijana gizani, na hawakuweza kufundisha kwa neno moja. Waendeeni, ketini nao, waulizeni sinia ya kwanza waliiitaje, na ya tatu waliiitaje. Wakiwa na maneno yao, haya yangu ya kuibua, kuzima na kukaza yapishe bila kinyongo. Lakini tukingoja wazee hao waondoke ndipo tuunde istilahi mezani, tutakuwa tumeanza na sinia ya tatu.