Tumbo Asiyeongozwa na Tumbo

Mabeshte wangu hapa Eldoret husema vyama vya wafanyakazi ni vya wazee wenye vitambi. Mgomo ukiiva, wanaitwa ofisini; kesho yake mgomo umekufa. Siwabishii sana. Lakini wakiongeza kwamba basi kila msee apambane na hali yake, hapo tunakosana.

Mchukue Christopher Kasanga Tumbo. Alikuwa katibu mkuu wa chama cha Waafrika wa reli Tanganyika, walioajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lile lililoendesha steshoni yetu hapa 64. Mwaka 1960 waligoma zaidi ya miezi miwili. Uhuru ulipofika, akatumwa London kuwa balozi. Ungekuwa wewe? Mimi ningetulia nile. Yeye alijiuzulu mwaka 1962, akarudi kuongoza chama cha upinzani. Jina Tumbo, lakini hakuongozwa na tumbo.

Mwaka huo huo serikali ya uhuru ilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali kuwa karibu muhali, na nyingine ya kumzuilia mtu bila kesi. Tumbo akakimbilia Mombasa. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, akawekwa kizuizini kwao. Vyama vikavunjwa, kikabaki kimoja, NUTA, chini ya kwapa la TANU. Usiwacheke jirani: mwaka 1965 sisi nasi tuliundiwa COTU, ambayo Rais ndiye aliyemteua katibu mkuu kutoka majina matatu aliyopelekewa.

Kwa hivyo vitambi havikuota vyenyewe. Vilipandwa, vikapaliliwa. Waliofika ikulu kwa msaada wa migomo walijua vizuri chama chenye meno humuuma nani.

Mimi niliacha chuo, naandika kazi za mtandaoni. Juzi mteja alitoweka na malipo yangu ya wiki tatu. Nikalia kwenye grupu ya WhatsApp. Watu wakatuma emoji za machozi, na nusu yao walikuwa wameliwa vivyo hivyo. Kumbe huo ulikuwa mkutano wa chama, ila hakuna aliyefungua kikao.

Sisemi Tumbo alikuwa malaika. Nasema chama kilichooza hakitibiwi kwa kila mtu kulia chumbani kwake. Jumamosi nafungua kikao. Njoo na deni lako.