Tuwakumbuke Pia Waliorudi Mikono Mitupu

Msomaji, mke akikaa miaka mitatu au minne bila mtoto, maneno huanza. Mawifi watamwita tasa huku akisikia. Mama mkwe atauliza mwanawe anangoja nini kuoa mwingine. Naye bwana, ambaye hajapimwa hata siku moja, atanyamaza kana kwamba hayamhusu.

Lesley Brown wa Bristol, Uingereza, alitafuta mtoto kwa miaka tisa. Hakuwa amelogwa wala kulaaniwa. Mirija yake ya uzazi, ambayo hupitisha yai hadi kwenye mji wa mimba, ilikuwa imeziba. Yai la mke na mbegu ya mume havikuwa na mahali pa kukutana.

Katika mji wa Oldham walikuwako watu watatu walioshughulikia tatizo kama lake: mwanasayansi Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy. Fikira yao ilikuwa kwamba ikiwa njia imeziba, yai na mbegu vikutanishwe nje. Steptoe alilitoa yai kwa chombo chembamba chenye taa, kilichopitishwa kwenye tundu dogo tumboni. Edwards na Purdy waliliweka pamoja na mbegu za mume katika kisahani, penye joto kama la mwili. Yai likishaanza kugawanyika, lilirudishwa katika mji wa mimba.

Kusema ni rahisi. Mwaka wa 1969 walitangaza kwamba wamefaulu kurutubisha yai la binadamu nje ya mwili, lakini mwaka wa 1971 baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo likakataa kuwapa fedha. Walilaumiwa na watu wa dini na hata wanasayansi wenzao. Mimba waliyoitangaza mwaka wa 1976 ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, ikaharibika. Hatimaye, usiku wa Julai 25, 1978, binti yake Lesley, Louise Brown, alizaliwa kwa upasuaji akiwa na uzito wa kilo 2.6.

Ulimwengu ulimshangilia Louise, na ni haki. Lakini yako mengine yasiyosimuliwa sana. Kati ya mwaka wa 1969 na 1978, wanawake 282 walijitolea kwa matibabu hayo, wengine zaidi ya mara moja. Watoto waliopatikana walikuwa wawili tu. Akina mama 280 walirudi nyumbani mikono mitupu.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawa walivumilia, wakala wengine. Kila walipokosa, wataalamu walijifunza jambo, na kwa mafunzo hayo mamilioni ya watoto wamezaliwa duniani. Hapa Kenya wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Mwaka wa 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel. Purdy alikuwa amefariki mwaka wa 1985, na Steptoe mwaka wa 1988. Je, utawaita wale akina mama 280 watu wasio na faida?

Nanyi akina bwana, sikilizeni. Mwaka wa 1992 madaktari wa Ubelgiji walitangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja tu ya mume ndani ya yai. Njia hiyo ilitafutwa hasa kwa ajili ya wanaume wenye mbegu chache au dhaifu. Kwa hivyo, mtoto akichelewa, nendeni hospitali wote wawili, tena mapema, kwa sababu umri wa mke ukisonga mayai hupungua.

Mjue pia kwamba matibabu haya ni ghali na mara nyingi hayafaulu. Wako watakaojaribu wakose. Mwanamke huyo akirudi nyumbani, mpokeeni kwa heshima kama mke na kama binti. Kumwita tasa hakujampa mtu yeyote mjukuu.