Ziwa Superior: uliza joto la maji, si la hewa

Kwenye fukwe za Ziwa Superior, huko mpakani mwa Marekani na Kanada, maji baridi hayatishi watu wakati wa theluji, kwa sababu wakati huo ni wachache wanaoingia majini. Hatari huja mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, jua linapokaa angani kwa saa karibu 16, hewa inapofika nyuzi 25 au zaidi, na familia zilizojifungia ndani majira yote ya baridi zinapomiminika mchangani na watoto wao. Maji yanayowangoja huenda yana nyuzi 6 au 7 tu. Kwa maoni yangu, miji ya ziwa hilo inapaswa kubandika joto la maji la siku hiyo kwenye ubao mkubwa katika kila njia ya kuingilia ufukweni, na watangazaji wa hali ya hewa walitaje kila wanapowaalika watu kwenda kuogelea. Anayeambiwa joto la hewa peke yake anapewa nusu ya habari, tena ile nusu inayopotosha.

Msomaji aliyezoea maziwa ya kwetu atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Uso wa Ziwa Victoria hubadilika kwa nyuzi chache tu mwaka mzima, na kina chake ni mita 80 hivi. Anayeoga Kisumu au Mwanza hana haja ya kuuliza huu ni mwezi gani. Superior ni pana zaidi, kilomita za mraba zipatazo 82,000, na kilindi chake hufika mita 406. Kina hicho ndicho kinacholiweka nyuma ya majira. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na nyuzi 4. Barafu inapoondoka, karibu ziwa zima liko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo maji ya juu yakipashwa kidogo na jua hayabaki juu: yanakuwa mazito, yanazama, na yaliyo baridi zaidi yanapanda kuchukua nafasi yake. Jua la wiki nyingi linamezwa na kilindi kwa namna hiyo. Mpaka maji ya juu yavuke nyuzi 4, hakuna tabaka la uvuguvugu linaloweza kutulia juu, na katikati ya ziwa jambo hilo huweza kuchelewa hadi mwisho wa Juni au Julai. Ghuba zenye maji machache hutangulia. Kilele cha joto huja Agosti na mwanzoni mwa Septemba, wakati jua lenyewe limekwisha kupungua makali.

Hata Agosti yenyewe haiaminiki, kwa sababu ya upepo. Mjini Duluth, kwenye ncha ya magharibi ya ziwa, upepo wa kutoka bara ukivuma kwa nguvu husukuma maji ya uvuguvugu kuyapeleka mbali na pwani, na maji ya chini hupanda kujaza pengo. Joto la maji linaweza kushuka kwa nyuzi kumi ndani ya siku moja, na mara nyingi upepo huo ndio unaoleta siku ya joto kali, ziwa likiwa shwari na la kupendeza. Upepo wa kutoka ziwani, ambao mtu ufukweni huuona wa baridi, hurundika maji ya uvuguvugu pwani, lakini huleta mawimbi na mikondo inayovuta watu kuelekea kilindini. Ndiyo maana bendera za tahadhari peke yake hazitoshi. Zinahusu zaidi mawimbi na mikondo, na mtu aliyeona ziwa limetulia hana dalili yoyote kwamba maji aliyosimama mbele yake yamebadilika tangu jana.

Mwili nao haungoji maelezo. Mtu akijitosa kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, ngozi hupoa ghafla naye huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha huhema mbiombio huku moyo ukienda kasi. Kama kichwa kimo majini wakati huo, anavuta maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amelifupisha suala hili kwa ajili ya mtu aliyeanguka kwenye maji baridi sana: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kufanya kazi ya maana, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Ukiitazama hesabu hiyo utaona kwamba wengi hufa maji zamani kabla mwili haujapoa. Ushauri wa kuelea chali kwanza hadi pumzi itulie ni mzuri, na kila mtoto afundishwe. Lakini asiyejua kwamba maji ni baridi hajajiandaa kuutumia.

Wapo wanaosema waogeleaji hodari hawahitaji ubao. Umahiri hauzuii mshtuko wa pumzi, wala haurudishi nguvu kwenye mikono iliyokufa ganzi. Wafini wanaozama kwenye matundu ya barafu, wanaotajwa sana katika mjadala huu, wanathibitisha hoja yangu: wanajua hasa wanaingia kwenye nini, mwili wameuzoesha, na hukaa muda mfupi pembeni mwa ngazi. Wengine wanasema ziwa linapata joto na tatizo litajiondokea. Ni kweli linapata joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth walionyesha kwamba joto la uso wake wakati wa kiangazi lilipanda kwa nyuzi 2.5 hivi kati ya 1979 na 2006. Lakini mwaka 2014 vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea humo mwanzoni mwa Juni. Wastani haumkingi mtu anayeingia majini siku moja maalumu, na kiangazi kirefu zaidi kitavuta watu wengi zaidi ufukweni.

Gharama pia si kisingizio. Maboya ya vipimo ya Marekani na Kanada hupeleka joto la maji kila siku tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa msimu, na ufukweni kipimajoto cha kawaida kinatosha. Wala ubao hautafukuza watu. Wiki za mwanzo wa Septemba, wengi wakiwa wamekwisha kukunja mataulo, ungewaambia kwamba maji mara nyingi ni bora kuliko yalivyokuwa Juni. Jimbo la Minnesota sasa ni makazi ya Wakenya, Wasomali na Wakongo wengi, watu waliokulia kwenye vipimo vya Selsiasi na maji yasiyobadilika. Kwao, ubao ulioandikwa nyuzi 45 kwa kipimo cha Farenhaiti, ambazo ni 7 za Selsiasi, unaweza kusomeka kama maji ya moto. Kwa hiyo uandikwe kwa vipimo vyote viwili, na wanaowapokea wageni katika jimbo hilo waliingize ziwa kwenye mafunzo ya mwezi wa kwanza, pamoja na koti na barabara zenye barafu.