Ndege zilizopiga Malindi mabomu ziko wapi?

Pita barabara ya Lamu hapa Malindi saa hizi, utasikia "ciao" kabla hujasikia "mambo". Vijana wetu wanabonga Kiitaliano bila kukanyaga darasa, na Watamu ni vivyo hivyo. Haya, niambie: kwenye maskani yenu, ni wangapi wanajua kwamba Oktoba 1940 ndege za Italia zilikuja juu ya mji huu huu zikaangusha mabomu?

Si porojo. Italia iliingia Vita vya Pili vya Dunia Juni mwaka huo, ikiwa imeshikilia Ethiopia na Somalia yake, na sisi tulikuwa chini ya Mwingereza upande wa huku wa mpaka. Ndege za mabomu ilizozitegemea sehemu hii ya Afrika zilikuwa hasa aina tatu: Caproni Ca.133, Savoia-Marchetti SM.81 na SM.79. Zote zilikuwa na injini tatu, moja puani na mbili kwenye mabawa. (Halafu taifa hilo hilo likarudi 1967 kurusha setilaiti kutoka Ngomeni. Historia yetu na hawa watu ni ndefu kuliko piza.)

Sasa zitafute hizo ndege. SM.81 zilitengenezwa zaidi ya 500, na leo hakuna hata moja nzima duniani. SM.79 zilikuwa zaidi ya 1,200. Mbili ziko kwenye makumbusho Italia, na zilipona kwa bahati tu: baada ya vita Lebanon ilinunua nne, ikazitumia mpaka zikachakaa, na mbili zikarudishwa kwao.

Upande uliokuwa ukilinda Kenya hali ni hiyo hiyo. Afrika Kusini ilileta huku ndege aina ya Junkers Ju 86, zilizoundwa Ujerumani, zikaenda kuwapiga Waitaliano mpakani mwaka 1940. Ndiyo, mashine ya Mjerumani ikimpigania Mwingereza. Imebaki moja tu ya aina hiyo duniani, iko Linköping, Uswidi.

Na kuna ile inayoniuma zaidi. Kuanzia 1953, Uingereza ilileta Eastleigh, Nairobi, ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln, ikazituma kulipua misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau. Leo ukitaka kusimama mbele ya Lincoln, nenda Cosford, Uingereza. Kwa hiyo Mkenya anayetaka kuona kwa macho yake aina za ndege zilizopiga mabomu nchi yake, au zilizoruka kuilinda, anahitaji kwanza visa mbili: ya Schengen na ya Uingereza. Na nauli, bila shaka.

Zingine zote zilienda wapi? Skrepu. Ndege ya vita ni alumini, na alumini inayeyuka. Mwaka 1940 akina mama wa Uingereza waliombwa watoe sufuria zao zikatengenezwe ndege. Vita vilipoisha, ndege zikayeyushwa, na alumini yake ikajenga maelfu ya nyumba za muda kule kwao. Lancaster, maarufu kuliko zote za Waingereza, zilitengenezwa 7,377. Zinazopaa leo ni mbili. Mshindi mwenyewe hakutunza zake, sembuse sisi.

Lakini hapo ndipo sikubali tujifiche. Chukulia kesho mvuvi wa Ngomeni anavuta nyavu na kuinua kipande cha bawa la ndege ya 1940. Kitafika wapi? Kwa mwenye mizani, kabla ya jua kuzama. Na mimi simlaumu yule mvuvi hata kidogo, ana watoto wa kulisha. Nalaumu sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Yaani mwaka Mwingereza alipotangaza himaya yake ndio mwaka mambo ya kale yanapokoma. Vita vyote viwili vya dunia viko nje. Mau Mau iko nje.

Mlango upo lakini. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kwenye Gazeti Rasmi kitu chochote, au aina ya vitu, kuwa na thamani ya kihistoria. Hahitaji bunge. Atangaze mabaki ya ndege na silaha za vita vya 1914 hadi Uhuru, na Makumbusho ya Taifa itenge pesa ya kumlipa anayeleta kipande zaidi ya bei ya skrepu. Bila hiyo pesa, tangazo litabaki karatasi.

Kuna msee ataniuliza: kwa nini tutunze mashine za kuua watu? Mbona tunatunza nguzo ya Vasco da Gama? Hatuipaki chokaa kwa sababu Mreno alikuwa mpole. Gede nayo iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2024, na sote tulishangilia, kwa haki kabisa. Ila Gede ina karne zake. Ya 1940 yalitokea wakati kina hawe na tsawe wako hai.

Na hapo hatuhitaji kumngoja waziri. Aliyekuwa na miaka minane wakati ule sasa amepita 90. Wako wachache, kule Shela, Ganda, Mambrui, Kakuyuni, na kila mwaka wanapungua. Simu unayo, na ina kinasa sauti. Nenda na mkate na sukari, amkia vizuri, keti, halafu muulize alikuwa wapi siku ndege zilipokuja. Mwache aongee kwa Kigiriama au kwa lugha yoyote aliyokumbukia. Tafsiri itafuata.