RALEIGH YA BABA SI CHUMA CHAKAVU!

Ndugu Wanaushirika,

Mnunuzi wa vyuma kapita tena na mizani yake. Fremu za Raleigh zimepimwa kwa kilo kama mabati ya kutu! Nasema wazi: tunajiibia wenyewe.

Soma kibao cha mbele, chenye kichwa cha korongo. Kikisema Nottingham, imetoka Uingereza. Sasa tazama maungio: bomba limeingizwa ndani ya kiungo cha chuma, likalehemiwa kwa shaba. Ndiyo maana baba alipakia gunia la mahindi miaka nenda rudi, fremu isilegee. Ikipinda, fundi huinyoosha. Ikikatika, huchomelewa. Breki ni za fito, hakuna waya wa kukatika.

Wapo wasemao, "Nzito hiyo, ya kizee." Kweli nzito, kilo 20 hivi. Lakini hiyo yako mpya inayong'aa, mbona karia imeng'oka kabla ya mavuno ya pili? Rangi haibebi gunia!

Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Tairi, cheni na spoku utanunua dukani. Fremu ile utaipata wapi?

Basi kabla ya kuuza, ipeleke kwa fundi. Aangalie nyufa kwenye maungio, na kutu pale kwenye ekseli ya pedeli. Imeoza? Uza, hatukatazi. Ni nzima? Itie mafuta, uipande.

Usiache mbachao kwa msala upitao.

USHIRIKA NI NGUVU!